Koti la Mama na Vifaru vya Mpira

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita hapa Iringa mjini, mbele ya walimu wa historia, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na wazee waliokubali mwaliko wetu. Wengi walikwama kwa sababu ya mvua, wengine walikuwa msibani, wakaniomba niiandike. Naiweka nzima kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Kamwene, wazee wangu. Shikamooni. Walimu wenzangu, poleni na kazi. Na ninyi wanafunzi mliojibanza nyuma kule, sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie hila za vita: jinsi majeshi yanavyodanganyana, na vikosi vilivyoundwa kwa kazi hiyo tu. Mtaniwia radhi, sitaanza na bunduki. Nitaanza na koti.

Nilikulia kijijini upande wa Kilolo, ukingoni mwa msitu, na kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kulinda mahindi. Wenzetu wa mabondeni waliamia ndege. Sisi adui yetu alikuwa nyani. Nyani ana akili, ana subira, na huweka mlinzi wake juu ya mti. Mama hakuwa na bunduki wala mbwa. Alichukua koti kuukuu la baba, akalivika kwenye miti miwili aliyoifunga msalaba, akajaza majani makavu ya mahindi mikononi, akaweka kofia juu. Siku ya kwanza nyani walikimbia. Siku ya pili walikaa kwenye mawe, wakalitazama. Siku ya tatu dume moja kubwa lilishuka taratibu, likakaa hatua kumi kutoka kwenye koti, likavunja muhindi, likala huku likilitazama. Siku ya nne lilikuja likavuta mkono wa koti, majani yakamwagika, na shamba likawa lao.

Mama hakukasirika. Alikaa dunguni mchana mzima akiwaangalia, kisha akaniambia, “Wamejua halitembei.” Kuanzia jioni ile, giza likiingia tunalihamisha. Leo karibu na kijito, kesho kwenye kichuguu. Chini yake akaweka magunzi yanayofuka moshi. Mimi akanikalisha nyuma yake nikohoe. Koti likapata mwendo, likapata moshi, likapata sauti. Nyani wakarudi nyuma, isipokuwa lile dume. Lenyewe lilikwisha kulishika koti kwa mkono wake, likajua ndani mna majani.

Basi alfajiri moja mama alilivua koti kwenye miti, akalivaa mwenyewe, akasimama palepale, mikono imenyooka, kofia imefunika uso, fimbo imelala ndani ya mkono wa koti. Mimi nilikuwa kwenye mfereji, nimeziba mdomo kwa viganja viwili. Dume likaja. Hatua kumi. Hatua tano. Likanyoosha mkono livute kama lilivyozoea. Na koti likageuka.

Msimu ule hatukuibiwa tena.

Sasa niulizeni: nani alimdanganya yule nyani? Mama? Mama alisimama tu. Nyani alidanganywa na kile alichokuwa anakijua. Ndugu zangu, hilo ndilo neno langu la leo, na nitalirudia hadi mchoke. Adui hadanganywi na uongo wako. Adui anadanganywa na imani yake. Kazi yako wewe ni kuijua imani hiyo, kisha kuilisha.

Na kuna njia mbili za kuilisha. Unaficha kilichopo, au unaonyesha kisichokuwepo.

Kuficha hatuna haja ya kwenda mbali kukutafuta. Tunawafundishaje watoto wetu habari za Lugalo? Tunawaambia Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa shujaa. Kweli. Tunawaambia Wahehe hawakuogopa kufa. Kweli. Halafu wengine tunaongeza kwamba alikuwa na dawa, Wazungu wakapumbazika, na kipindi kinaisha. Hapo ndipo ninapoumia. Tunachukua moja ya kazi kubwa za akili zilizofanywa katika nchi hii, tunaikabidhi kwa mganga.

Tazameni ilivyokuwa. Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani ambaye watu walimwita Nyundo, hakuwa mgeni wa vita. Ndiye yule ambaye kiburi chake kule Pangani mwaka 1888 kilisaidia kuwasha vita vya Abushiri. Mwaka 1891 akapanda huku kwetu na askari mamia, bunduki za rashasha na mizinga midogo. Akapita akichoma vijiji. Na vijiji vile havikumpiga sana. Anachoma, anasonga. Anachoma, anasonga. Kila kijiji kilichoungua kilimfundisha kitu kimoja: hawa watu ni wa mikuki na ngao tu, hawatanisumbua.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti msafara wake ulikuwa umejivuta kwenye njia nyembamba, mtu nyuma ya mtu, silaha nzito zimefungwa juu ya punda. Kushoto na kulia kuna mawe na vichaka. Nyuma ya mawe na vichaka hivyo walikuwa wamelala watu wapatao 3,000.

Elfu tatu! Mwalimu yeyote hapa anajua ilivyo kazi kuwanyamazisha wanafunzi mia mbili mstarini kwa dakika tano. Hao walikuwa 3,000, karibu na njia, adui anapita, wanamsikia akizungumza, wanasikia kwato za punda, na hakuna aliyekohoa. Waliuacha msafara uingie. Waliuacha uingie tena. Sehemu yake kubwa ilipokuwa imeingia ndipo waliponyanyuka, na kwa dakika chache mambo yalikuwa yamekwisha. Wazungu kumi walikufa, Nyundo mwenyewe kwa mkuki, na askari na wapagazi mamia pamoja nao. Rashasha hazikupata hata nafasi ya kushushwa kutoka kwa punda.

Mimi nasema kimya kile kilikuwa silaha kuliko mkuki. Kilitengenezwa. Kilifanyiwa mazoezi. Kilikuwa na makamanda wake. Nyundo alikisikia kimya njia nzima, akakisoma kama woga, kwa sababu moyoni alikwisha amua kwamba Wahehe wanaogopa.

Mkitaka kujua kwamba kimya ni silaha ya duniani kote, twendeni Gallipoli, nchini Uturuki, miaka 24 baadaye. Waingereza, Waaustralia na watu wa New Zealand walikuwa wamekwama ufukweni kwa miezi minane, mahandaki yao yakiwa karibu sana na ya Waturuki. Desemba 1915 wakaamua kuondoka. Lakini unaondoaje makumi ya maelfu ya watu mbele ya macho ya adui? Akijua kwamba umebaki na wachache, anashuka anakumaliza ukiwa kwenye mashua.

Walifanya hivi. Mwezi mmoja kabla, mwishoni mwa Novemba, walinyamaza siku kadhaa. Hakuna risasi, hakuna kelele. Waturuki wakachungulia kuona kumetokea nini, na waliosogea wakapigwa. Wakajifunza: kimya cha watu hawa hakina maana kwamba wameondoka. Mmeona? Walimfundisha adui somo la uongo kabla ya mtihani.

Kisha ikaja zamu ya makopo. Kijana mmoja wa Australia, William Scurry, alitengeneza bunduki inayojipiga yenyewe. Kopo la juu limejazwa maji, lina tundu dogo chini. Linadondosha tone, tone, tone, kwenye kopo la chini. Kopo la chini limefungwa uzi, na uzi umefungwa kwenye kifyatulio. Kopo likijaa linazidi uzito, linaanguka, uzi unavuta, paa! Mtu aliyeitega amekwisha kuondoka, yuko ufukweni, miguu amefunga vitambaa ili isisikike. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Desemba, bunduki ziliendelea kulia katika mahandaki ambayo hayakuwa na mtu. Hasara waliyoipata katika kuondoka ilikuwa karibu na hakuna. Kampeni nzima ya Gallipoli ilikuwa msiba. Kuondoka kwake ndiko kulikokuwa ushindi, na ushindi huo uliletwa na makopo mawili.

Wanafunzi wa fizikia mliopo, kitengenezeni kile kifaa bila bunduki. Wekeni kengele. Mtajifunza subira.

Njia ya pili ni kuonyesha kisichokuwepo. Na hii pia pwani yetu inaifahamu. Aprili 1915 iliingia ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, meli iliyokuwa imesafiri kutoka Ulaya kwa jina la Kronborg, meli ya Denmark, nchi isiyokuwa vitani. Jina lake halisi lilikuwa Rubens, ya Wajerumani, imebeba bunduki na risasi za jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu. Manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikaikuta na kuipiga. Nahodha wa Rubens akaiacha ikae chini kwenye maji mafupi, na mbao zilizokuwa juu ya sitaha zikawashwa moto. Waingereza wakauona moshi mkubwa, wakaridhika kwamba meli imekwisha, wakaenda zao. Chini ya ule moshi shehena ilikuwa ndani ya maji. Wapiga mbizi wakaingia, masanduku yakatolewa, risasi zikaanikwa zikakaushwa. Zile risasi ziliendelea kuua watu katika ardhi hii kwa muda mrefu, na wengi wa waliokufa walikuwa babu zetu, askari na wapagazi wa pande zote mbili, ambao hawakuulizwa kama wanaitaka vita ile. Nasimulia ile hila, lakini sisahau nani aliyeilipia.

Sasa nije kwenye kikosi chenyewe, kwa sababu najua vijana mmekuja kusikia habari zake.

Januari 1944 Marekani iliunda kikosi cha watu wapatao 1,100. Kwenye karatasi kiliitwa Kikosi Maalumu cha Makao Makuu namba 23. Baadaye watu wakakiita Jeshi la Mzimu. Kazi yake ilikuwa moja: kujifanya jeshi jingine, kubwa zaidi, mahali ambapo jeshi hilo halipo. Waliandikisha akina nani? Wachoraji. Wanafunzi wa shule za sanaa za New York na Philadelphia, mafundi wa mitindo, watu wa matangazo, mafundi wa sauti. Bill Blass, aliyekuja kuwa mbunifu mkubwa wa mavazi, alikuwemo. Ellsworth Kelly, mchoraji, alikuwemo. Mzazi unayemwambia mwanao kwamba kuchora hakuna faida, sikiliza hapa.

Walikuwa na vifaru vya mpira vinavyojazwa upepo kwa kompresa. Kwa mbali ni kifaru kamili, mnyororo wake, mzinga wake. Kwa karibu ni puto. Watu wanne wanakiinua. Siku moja Wafaransa wawili wenye baiskeli walipenya mlinzi akiwa ameangalia pembeni, wakaona askari wanne wamebeba kifaru mikononi wanakigeuza. Wakabaki wameduwaa. Mlinzi akawaambia tu kwamba Wamarekani wana nguvu sana.

Lakini mnakumbuka koti? Koti lililosimama tu lilidumu siku tatu. Hawa vijana walilijua hilo. Puto peke yake halitoshi. Basi wakachukua tingatinga, wakachora ardhini njia za minyororo kuelekea pale puto lilipo, kwa sababu kifaru cha kweli hakidondoki kutoka mbinguni. Wakanasa sauti za vifaru vya kweli, za malori, za mafundi wanaojenga madaraja, wakazichanganya, usiku wakazipiga kwa vipaza sauti vikubwa vilivyofungwa juu ya magari ya deraya. Sauti ilifika hadi kilomita 24. Chukueni hapa mjini, mvuke Kalenga, mwendelee mbele zaidi, na bado mnasikia vifaru vinakuja.

Kisha redio. Kila mpiga Morse, yaani anayetuma ujumbe kwa milio mifupi na mirefu, ana mkono wake, kama vile kila mtu ana mwandiko. Wajerumani waliokuwa wakisikiliza waliwafahamu wapigaji wa upande wa pili kwa mikono yao. Basi divisheni ya kweli ilipokuwa inahama kwa siri, watu wa Jeshi la Mzimu walikaa pembeni ya mpigaji wake, wakajifunza mkono wake, pale anapokawia, pale anapoharakisha, wakaendelea kupiga kama yeye baada ya yeye kuondoka. Na mwisho kabisa walishona beji za divisheni ile mabegani, wakaandika namba zake kwenye malori, wakaingia mjini kwenye vilabu vya pombe, wakaropoka. Lori lenye askari wawili waliokaa nyuma kabisa lilizunguka mji mara nyingi, kila anayeliona akihesabu lori jipya lililojaa.

Jicho limedanganywa, sikio limedanganywa, jasusi wa kilabuni naye amepata cha kuandika. Machi 1945, kwenye mto Rhine, Jeshi la Marekani la Tisa lilitaka kuvuka. Hao watu 1,100 wakajifanya divisheni mbili, yaani watu zaidi ya 30,000, mahali pengine kabisa kwenye kingo za mto. Tarehe 24 divisheni za kweli zilipovuka, zilipata upinzani mdogo na hasara ndogo. Jenerali William Simpson akawaandikia barua ya pongezi.

Nataka mtafakari kazi ile ilikuwa nini. Askari wa kawaida anajificha ili asipigwe. Wale walijionyesha ili wapigwe wao badala ya wengine, na walichokuwa nacho ni mpira na spika. Katika vita nzima walikufa watatu. Na wakaambiwa wasiseme. Walirudi makwao wakanyamaza, wake zao hawakujua, watoto wao hawakujua, hadi siri ilipofunguliwa mwaka 1996. Nishani ya dhahabu ya Bunge la Marekani walikabidhiwa tarehe 21 Machi 2024. Siku hiyo waliokuwa hai walikuwa saba, na walioweza kufika watatu.

Hapa kwenye kikao nilikatizwa na binti mmoja wa kidato cha sita, na swali lake lilikuwa zuri kuliko sehemu hii ya hotuba yangu. Aliuliza, “Mwalimu, na adui akiamini uongo wako wote, halafu akafanya kitu ambacho hukukitarajia?”

Mwanangu, hilo lilitokea, na lilitokea hapahapa Afrika Mashariki. Mwishoni mwa mwaka 1940 Waingereza walikuwa wanajiandaa kuwapiga Waitaliano kupitia Eritrea. Jenerali Wavell alikuwa na ofisa mmoja hodari wa hila, Dudley Clarke. Wakaeneza habari kwamba shambulio litapitia Somalia ya Kiingereza, ambayo Waitaliano walikuwa wameiteka Agosti. Lengo ni kwamba Waitaliano wajaze askari Somalia na kuiacha Eritrea tupu. Uongo ule ulifaulu. Waitaliano waliamini kila neno. Na kwa kuwa waliamini, wakaona Somalia haiwezi kushikika, wakaanza kuondoka na kupeleka askari kaskazini. Kulekule ambako Waingereza walikuwa wanaelekea!

Uongo umefaulu, hila imeshindwa. Clarke hakulisahau. Alijifunza kwamba usijiulize unataka adui aamini nini. Jiulize unataka adui afanye nini. Kati ya kuamini na kutenda kuna mtu, na mtu huyo ana hofu zake, ana tamaa zake, ana bosi wake. Usipomjua, umefanya kazi bure. Wazee waliokuwa na baba zao KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, mjue kwamba vita vile vya Waitaliano ambavyo wazazi wenu walipigana ndivyo vilivyozaa somo hili, na somo hili ndilo lililotumika kaskazini miaka miwili baadaye.

Maana mwaka 1942 kule El Alamein, jangwani Misri, hakuna msitu, hakuna jiwe, hakuna pa kujificha. Montgomery, jenerali wa Waingereza, alitaka kupiga upande wa kaskazini mwezi Oktoba. Watu wa Geoffrey Barkas, yeye mwenyewe mtengenezaji wa filamu kabla ya vita, wakaambiwa waufiche mwezi na upande. Vifaru vya kweli wakavivika maturubai na mbao, vikawa malori. Upande wa kusini wakaanza kulaza bomba la maji. Bomba hilo lilitengenezwa kwa madebe ya petroli yaliyopondwa. Mchana wanachimba mtaro na kulaza madebe kandokando. Usiku wanafukia mtaro, wanachukua madebe yaleyale, wanayalaza kipande kinachofuata. Ndege ya Wajerumani ikipiga picha inaona bomba linaendelea, tena linakwenda taratibu. Mtu yeyote mwenye hesabu anapata jibu: hawa watakuwa tayari Novemba, na watapitia kusini. Shambulio likaja usiku wa tarehe 23 Oktoba, kupitia kaskazini. Rommel, kamanda wa Wajerumani, alikuwa Austria akiuguza mwili wake.

Lakini kilichonifanya nisimame kitini niliposoma habari hizi kwa mara ya kwanza ni mizinga ya Munassib. Kule kusini waliweka mizinga ya bandia, wakaiacha makusudi ichakae. Hawakuihamisha, hawakuitengeneza. Wajerumani wakaichunguza, wakagundua ni bandia, wakaacha kuijali. Baada ya kujua kwamba Wajerumani wamekwisha kujua, usiku mmoja wakaiondoa na kuweka ya kweli palepale. Wajerumani waliposogea, ile bandia ikawajibu kwa moto.

Mmeliona koti likigeuka?

Mama yangu hakusoma zaidi ya darasa la pili. Hakuna aliyemsimulia habari za Munassib. Alikaa dunguni mchana mzima akamtazama nyani hadi akaijua akili yake, basi.

Nisimalize bila kumtaja Juan Pujol, Mhispania aliyewachukia Wanazi. Alikwenda kwa Waingereza akitaka kuwafanyia ujasusi, wakamkataa. Akaenda kwa Wajerumani, akajifanya wao, wakamkubali, wakamtuma Uingereza. Hakwenda. Alikaa Lisbon, akanunua vitabu vya watalii na ramani, akawa anawaandikia taarifa za London asikokuwepo. Aliwaambia kwamba kule Glasgow kuna watu wako tayari kufanya lolote kwa lita moja ya mvinyo. Mtu yeyote aliyefika Scotland angeshangaa, watu wa kule si wa mvinyo. Wajerumani hawakushangaa. Hatimaye Waingereza wakamchukua mwaka 1942, wakampa jina Garbo, na kwa pamoja wakatunga majasusi 27 ambao hawakuwahi kuzaliwa. Mmoja wao “alipokufa”, tangazo la kifo likawekwa gazetini, na Wajerumani wakamlipa mjane ambaye naye hayupo. Tarehe 9 Juni 1944, siku tatu baada ya majeshi ya Waingereza, Wamarekani na wenzao kutua Normandy, pwani ya Ufaransa, Garbo aliwatumia Wajerumani taarifa ndefu: Normandy ni chambo, shambulio kubwa litakuja Calais. Walimwamini. Walibakisha majeshi yao Calais wiki baada ya wiki, wakisubiri jeshi lisilokuwepo. Mwaka uleule alipewa nishani na Ujerumani, na nishani na Uingereza.

Walimwamini kwa nini? Kwa sababu Hitler na majenerali wake walikuwa tayari wanaamini kwamba ni Calais.

Mzee mmoja aliniuliza wakati wa chai: je, hila zote ni halali? Hapana, baba. Sheria ipo, na naomba walimu mwifundishe. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inaruhusu kujificha, kutega bandia, kufanya luteka za uongo, kueneza habari za uongo za kijeshi. Inakataza kumwua, kumjeruhi au kumkamata adui kwa kuisaliti imani aliyopewa na sheria yenyewe. Kuinua kitambaa cheupe kisha kupiga risasi. Kujifanya majeruhi. Kujifanya raia. Na alama ya Msalaba Mwekundu au Mwezi Mwekundu hairuhusiwi kuvaliwa kwa hila hata kidogo. Mwaka 2008 jeshi la Colombia liliwaokoa mateka 15 msituni, akiwemo Ingrid Betancourt, kwa hila safi, bila kufyatua risasi. Kisha ikagundulika kwamba mmoja wa waokoaji alivaa alama ya Msalaba Mwekundu, na rais wao akakiri na kuomba radhi. Mateka 15 wako hai, na bado waliomba radhi. Kwa nini? Kwa sababu kesho daktari wa kweli atakwenda na alama ileile, na mwenye bunduki atajiuliza kama huyu naye ni koti.

Nirudi nyumbani. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliivunja Kalenga, ngome ya Mkwawa, kwa mizinga. Ngome ni kitu kinachoonekana, na wao walikuwa na cha kupigia vitu vinavyoonekana. Lakini baada ya Kalenga, Mkwawa alikaa porini karibu miaka minne. Wakatangaza rupia 5,000 kwa atakayemtoa. Fikirini rupia 5,000 katika nchi iliyochomwa mashamba yake. Doria zilipita vijijini, zikauliza, zikaonyeshwa njia, zikaenda. Wanawake waliopeleka chakula usiku na mchana wakaonekana wakipalilia, wazee waliosema “amepita kule” wakati hakupita kule, hao hawana kikosi, hawana namba, hawana nishani. Tarehe 19 Julai 1898 kule Mlambalasi, alipoona amezingirwa, alijiua mwenyewe. Rupia zile hazikumpata akiwa hai.

Wanafunzi, nina ombi. Jumamosi ijayo tunakwenda Lugalo, kwenye mnara ulio kandokando ya barabara kuu ya Morogoro. Tutaondoka saa mbili asubuhi; njooni na maji, na viatu vya kutembelea. Tukifika, nusu yenu mtabaki chini njiani, na nusu mtapanda kwenye mawe na vichaka. Walio juu hawatakohoa kwa dakika kumi na tano, nitashika saa mimi mwenyewe. Kisha walio chini wataniambia wamehesabu watu wangapi.